Sebule Moja, Serikali Mbili: Michanganyiko 10 ya Fanicha Iliyopangwa Bila Huruma

Tulifunga ndoa mwezi Agosti tukahamia Tabata, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule. Fanicha zilikuja na kirikuu mbili kutoka pande mbili za jiji. Ya kwanza ilibeba vya kwangu: samadari ya bibi yangu wa Pangani, kiti cha enzi, mikeka, chetezo, na masanduku mawili ya vitambaa. Ya pili ilibeba vya mwenzangu, mtoto wa Songea aliyekaa ubachela miaka saba: kochi la mninga linaloweza kusimamisha lori, tivii kubwa kuliko dirisha, na kinyago ambacho tutakutana nacho kwenye namba 7. Vyote vikashushwa pamoja. Madereva wakatazama, wakatazamana, wakaomba pesa yao haraka.

Hapo ndipo Muungano ulipoanza. Ule mkubwa, wa mwaka 1964, ulianza na mambo 11 na leo yamefika 22. Wa kwetu ulianza na mambo matatu: friji, jiko na kodi. Mengine yote kila serikali ilibaki na madaraka yake, na kero za Muungano zikaanza kabla pazia halijatundikwa.

Orodha inakwenda kinyumenyume, kutoka mchanganyiko unaostahili kurudishwa kwenye kirikuu hadi bingwa. Vigezo ni vitatu na havina rufaa. Je, panakalika? Je, mgeni anauliza, au ananyamaza tu na kukohoa? Na je, kuna mtu aliyenuna kupita muda wa chakula cha usiku? Ukiona nimekosea, gombana na huyo unayeishi naye. Najua una la kumwambia.

10. Nailoni, pamoja na chochote kile

Tulinunua meza ya chakula na viti sita, vikaja vimefungwa nailoni. Mimi najua nailoni ni ya safari. Mwenzangu anaamini ni sehemu ya kiti. Rimoti nayo imevikwa, na siku moja nimemkuta anaitazama stuli kwa macho ya mtu anayepima. Kaa juu ya nailoni Dar es Salaam mwezi Januari: ukinyanyuka, kiti kinanyanyuka nawe kukusindikiza.

Hukumu: kiti hakijachafuka, nakiri. Aliyechafuka ni mgeni.

9. Jipsamu ya taa za rangi na kochi la mninga

Muungano wetu una serikali mbili, lakini kuna ya tatu ambayo haikuombwa na mtu, nayo ni mwenye nyumba. Yeye alishapiga jipsamu kabla hatujafika, ngazi tatu kama keki ya harusi, na ndani yake taa za bluu, nyekundu, kijani na zambarau, zote kwenye swichi moja. Ukitaka kusoma gazeti, unasomea disko. Sasa chini ya taa hizo liweke kochi la mninga, zito, jeusi kidogo kwa vanishi, mikono mipana. Linafanana kabisa na mzee wa kanisa aliyepelekwa klabu na wajukuu wasiomwambia wanaenda wapi.

Tena jipsamu ni unga uliobanwa katikati ya karatasi mbili, na karatasi na maji hawajawahi kuwa marafiki. Bafu la ghorofa ya juu likavuja mara moja tu, likaacha doa refu jembamba. Nilitaka kumpigia mwenye nyumba. Mwenzangu akasimama chini yake akasema, "Liache. Si unaona ni Ziwa Nyasa?"

Hukumu: mahakama imezima taa.

8. Samadari na pangaboi

Kwa wa bara: samadari ni kitanda cha pwani chenye miguu mirefu iliyokerezwa, nguzo nne za kushikilia chandarua, na ubao wa kichwani uliotiwa vioo vyenye maua ya kuchora. Mtindo huu ni mtoto wa biashara ya Bahari ya Hindi, na India ina mkono wake mkubwa humo. Kitanda kimeinuka kiasi kwamba huingii kulala, unapanda kulala, kama basi la mkoani. Bibi alikuwa na kigoda maalumu cha kupandia.

Kero ya kwanza ilikuwa vipimo. Samadari ya bibi ni tano kwa sita. Mwenzangu ni mtu wa sita kwa sita, na anaitaja hiyo sita kwa sita kama mtu anayetaja cheo. Nikachukua kalamu. Futi sita ni mita 1.83. Chumba chetu ni mita tatu. Yaani alikuwa amebakiza mita 1.17 kwa ajili ya kabati, mlango kufunguka, na mimi.

Kero ya pili ilikuwa juu. Mwenye nyumba alishusha dari kwa jipsamu, akatundika pangaboi hapohapo, na nguzo za samadari zikafika usawa wa mapanga yake. Usiku wa kwanza pangaboi lilikamata pindo la chandarua, likakizungusha mara moja na nusu kabla sijafika kwenye swichi. Tukalala joto, tukiwa tumefunikwa chandarua chenye mkia.

Asubuhi mwenzangu alipendekeza tukate miguu ya samadari. Nikamwomba arudie alichosema. Hakurudia.

Hukumu: pangaboi limeteremshwa, feni ya kusimama imenunuliwa. Upepo umepungua, heshima imebaki.

7. Kinyago cha shetani na chetezo cha udi

Kinyago ni cha Kimakonde, kimenunuliwa soko la vinyago la Mwenge, mtindo uleule unaoitwa shetani: jicho moja, sikio limeota tumboni, mguu umepitia pasipopita mguu. Ni sanaa yenye heshima zake. Mtindo ulipata jina kuanzia miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa. Kinyago chenyewe ni cha mpingo, mti mzito mpaka ukiutupa majini unazama, na Wazungu wanautengenezea klarineti. Sina ugomvi na kinyago. Ugomvi wangu ni na jirani yake, ambaye kwa bahati mbaya ni chetezo changu.

Kila kimoja peke yake ni pambo. Viweke kwenye meza moja, umefungua zahanati ya mganga.

Mama mkwe alipofika kutoka Songea, nilikuwa nimefukiza udi wa kumpokelea. Akafungua mlango, akaona moshi, na katikati ya moshi akaona jicho moja linamtazama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeanza lini kutibu watu?"

Kwa wiki mbili alizokaa, kinyago kilivikwa kanga hadi kichwani. Fundi bomba alipokuja kutazama lile doa la Ziwa Nyasa alikiamkia.

Hukumu: vitenganishwe kwa angalau ukuta mmoja. Kanga kibaki nayo, imekikaa vizuri.

6. Uswidi na kabati la vyombo

Mwezi wa pili wa ndoa mwenzangu aligundua Skandinavia. Hakusafiri. Aliigundua kwenye simu, saa saba usiku. Alipoamka, kuta zilitakiwa ziwe nyeupe, meza iwe tupu, na kila kitu changu kikaanza kuitwa "kelele". Vikombe kelele. Maua kelele. Birika la shaba, ambalo halijawahi kusema neno tangu enzi za bibi, nalo kelele.

Akaenda kwa fundi seremala wa Keko na picha ya rafu ya Kiswidi, lile kabati la vitabu la Billy ambalo IKEA wanaliuza tangu 1979: jembamba, jeupe, linakuja vipande vipande kwenye boksi unaliunga mwenyewe. Fundi akaitazama picha, akairudisha simu, akasema, "Hii naijua." Ukisikia fundi anasema hivyo, anza kuomba dua. Wiki tatu baadaye ikaja rafu ya mninga yenye unene wa vidole vitatu, imepigwa vanishi ikang'aa kama kiatu cha askari, na kwenye kona imechongwa maua kwa sababu fundi aliona picha imepungukiwa. Wanaume wanne waliipandisha ngazi. Mmoja alikaa chini kwenye kituo cha kwanza akataka kujua ndani kuna nani.

Sasa hapa ndipo mimi na wewe tutakapokosana. Kuna lile kabati la vioo la mama zetu, lenye sahani ambazo hazijawahi kuonja wali. Siku hizi limekuwa kichekesho cha kila mwenye simu na ukuta mweupe. Haya, twende Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Ingia mpaka chumba cha ndani kabisa. Utakuta ukuta umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo wenye nyumba walikuwa wakiweka vyombo vya kauri, vingine vimevuka bahari kutoka China. Ukuta mweupe pe, vyombo vizuri vilivyopangwa kwa nafasi, basi. Hiyo ndiyo dini mpya ninayohubiriwa saa saba usiku! Tofauti ni kwamba ya Lamu ilinukia iliki. Na lile kabati la vioo ni mjukuu halali wa zidaka, hata kama mjukuu amenenepa kidogo na anapenda dhahabu.

Kwa hiyo nimepanga vyombo vya bibi kwenye rafu ya mninga, mbele ya ukuta mweupe wa mwenzangu. Yeye anasema ni Uswidi. Mimi nasema ni Lamu. Fundi wa Keko akija atasema ni maua yake ndiyo yaliyookoa jahazi.

Hukumu: ingekuwa nafasi ya tatu, imeshushwa kwa sababu rafu haihamishiki tena. Tukihama, nyumba tunaiacha nayo.

5. Mlango wa kuchonga na geti la vyuma

Huyu ni jirani wa chini, maana hata ngazi ni nyumba ya pamoja. Ameweka mlango wa Kizanzibari, umechongwa minyororo na samaki kwenye fremu, na umepigwa miiba ya shaba ambayo inasimuliwa kuwa asili yake ni India, ya kuzuia tembo wasiusukume. Mbele ya urembo wote huo amechomelea geti la vyuma lenye kufuli mbili. Mlango unautazama kama nyani wa maonyesho.

Hukumu: tembo hapiti. Wiki iliyopita hata jirani mwenyewe hakupita, funguo zilikuwa ofisini.

4. Vitambaa vya kufuma kwenye kochi la bachela

Kochi la mwenzangu lina mito ya ngozi, au tuseme ya ndugu wa mbali wa ngozi. Mimi nikalitandika vitambaa vyeupe vya kroshia, kila mgongo kimoja, kila mkono kimoja. Akasema nimelivalisha kochi lake kwa ajili ya kipaimara. Akasema vinateleza, jambo ambalo ni kweli. Akasema ni mambo ya kizee yasiyo na kazi yoyote.

Kazi vinayo. Uingereza ya karne ya 19 wanaume walikuwa wakijipaka kichwani mafuta yaliyopewa jina la bandari ya Makassar, ambayo leo iko Indonesia. Kila waliposinzia kwenye kiti, waliacha doa. Wenye viti wakachoka, wakatandika vitambaa mgongoni mwa kiti, na jina lake kwa Kiingereza mpaka leo maana yake ni kinga ya Makassar. Kwa hiyo kitambaa cha kochi hakikuzaliwa kuwa pambo. Kilizaliwa kuwa ushahidi.

Mwenzangu ana upara, na kila asubuhi anaupaka mafuta ya nazi.

Hukumu: kitambaa cha katikati, kilichofuliwa Jumamosi, kimewasilishwa mezani Jumatano kama kielelezo namba moja. Upande wa utetezi hauna swali.

3. Tingatinga na ukuta mweupe

Nafasi hii imepatikana bila ugomvi, ndiyo maana naitilia shaka. Ni picha ya chui mwenye madoa mengi kuliko anayohitaji, macho kama sahani, nyuma yake rangi ya chungwa kali. Mimi naipenda kwa sababu ina kelele. Mwenzangu anaipenda kwa sababu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa pande za Tunduru, na kwa mtu wa Songea chochote cha Ruvuma si kelele, ni urithi.

Alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya ubao wa dari, kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mtindo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mimi huwa namwonyesha mwenye nyumba ile picha kila anapokuja kuchukua kodi: tazama mzee, hiki ndicho mtu mwenye akili anachofanya na dari.

Ukuta mweupe unaishika picha vizuri kuliko ukuta wowote wenye maua. Hilo nimelikubali kwa sauti ya chini, nikiwa jikoni, bomba limefunguliwa.

Hukumu: ndoa safi. Kasoro ni moja: chui anatazama sahani ya aliyekaa kushoto, na aliyekaa kushoto siku zote ni mimi.

2. Majilisi na siku ya mechi

Upande wa dirishani nimetandika majilisi: mkeka wa ukili chini, magodoro membamba, mito ukutani. Mwenzangu alipoona akauliza ni nani amefariki. Kwao kukaa chini kuna sababu maalumu. Kwetu sababu ni kwamba umechoka.

Mito yenyewe nilishonesha kwa kanga. Kanga, unajua, ina pindo, mji na jina, na jina la hiyo lilikuwa NIMERIDHIKA NA WANGU SIMTAKI MGENI. Maneno ya mapenzi kabisa. Fundi cherehani akaikata pale ilipomwangukia mkasi. Mto wa kwanza unasema NIMERIDHIKA NA WANGU, na huo mwenzangu ameuhamishia kwenye kochi lake akiwa na tabasamu. Mto wa pili ndio tunaompa mgeni aegemee.

Halafu ikaja Simba na Yanga. Marafiki zake saba wamejaa kwenye kochi la mninga, wanaume wazima, wamekaa wima kama wanasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Dakika ya kumi mmoja akateleza akashuka mkekani. Dakika ya ishirini wakafuata wawili. Mapumziko yalipofika kochi lilikuwa tupu, na mwenye kochi alikuwa amelala kifudifudi kwenye majilisi, kidevu juu ya SIMTAKI MGENI, anamlalamikia refa.

Hukumu: sikusema kitu. Nilipita tu na sahani ya kashata, polepole, mara tatu.

1. Kiti cha enzi na kiti cha plastiki

Najua. Rusha unachotaka kurusha, kisha nisikilize.

Kiti cha enzi ndicho kiti kikuu cha pwani. Mgongo umesimama wima, mbao nyeusi, vipande vyeupe vya mfupa vimepachikwa kwa mahesabu, kamba zimesukwa mgongoni na makalioni. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mkubwa aliyekuja kusema jambo kubwa. Cha bibi yangu nimekiweka pembeni ya dirisha. Hakikaliwi. Ukikikalia unajikuta unataka kuhukumu watu.

Kando yake kuna kiti cha plastiki cha bluu, mguu mmoja una alama ya moto wa sigara. Mwenzangu alikuja nacho kwenye kirikuu, nami nilikuwa nimeapa kwamba hakitavuka kizingiti. Babu wa viti hivi anahesabiwa kuwa kile cha Mfaransa Henry Massonnet cha mwaka 1972. Plastiki inayeyushwa, inaingizwa kwenye umbo kwa shindo moja, kinatoka kiti kizima bila msumari wala gundi. Mji wa Basel kule Uswisi uliwahi kuvipiga marufuku kwenye maeneo ya wazi kwa miaka kadhaa, eti vinaharibu sura ya mji. Wangejaribu hilo Tabata, tusingekuwa na harusi, msiba wala mkutano wa mtaa.

Sasa vitazame viwili pamoja. Kimoja hakikaliwi na mtu, kingine kimekaliwa na kila mtu. Kimoja kinafutwa kwa kitambaa laini, kingine kinamwagiwa ndoo ya maji na kuanikwa. Vyote viwili vimenyooka, vyote havina mto, vyote vitakuumiza mgongo kwa usawa bila kubagua. Na vikiwa sambamba pale dirishani, kila mgeni anauliza, bila kukosa, ni kipi kati ya hivi ni cha nani. Samadari haijawahi kuulizwa swali hilo, wala Uswidi wa Keko.

Kwa vigezo vyetu vitatu: panakalika, upande mmoja. Mgeni anauliza, tena sana. Aliyenuna ni mimi peke yangu, kwa siku nne, mpaka nilipohitaji kitu cha kupandia samadari, maana kigoda cha bibi kilibaki Pangani.

Hukumu: bingwa. Kombe liwekwe kwenye kiti cha enzi, kwa kuwa hapo hakuna atakayelikalia.

Mwenzangu ameisoma orodha hii amesimama. Anasema mninga umeonewa, Ziwa Nyasa limedhihakiwa, na upara wake haukuombwa ruhusa. Anataka kuandika orodha yake. Nimemwambia aandike, meza ipo na kalamu ipo. Kiti asubiri kidogo. Jirani wa chini ana shughuli, amekuja kukiazima.